Injini imezima lakini umeme bado unatembea: kwa nini betri ya pikipiki inakufa ukiacha swichi ON, na namna ya kuzuia

Kuna jambo moja ambalo waendesha pikipiki wengi hawajawahi kuelezwa na mtu, si na yule aliyewafundisha kuendesha wala na fundi aliyewauzia betri mpya juzi, nalo ni kwamba kuzima injini na kuzima pikipiki ni vitu viwili tofauti kabisa. Injini inaweza kuwa kimya, gurudumu limesimama, wewe umeshashuka na umeshavua helmeti, na pikipiki bado iko macho inakula betri taratibu. Watu wanabadilisha betri, wanabadilisha stata, wanamlaumu fundi, kumbe shida iko kwenye ule muda kati ya injini kuzima na funguo kurudi OFF.

Tuanze na njia ambazo injini inazima. Ya kwanza ni funguo yenyewe. Ya pili ni ile swichi nyekundu iliyoko mkono wa kulia kwenye usukani. Ya tatu ni stendi ya pembeni, kwa pikipiki zenye sensa ya stendi, ukishusha stendi ukiwa kwenye gia injini inakata. Ya nne injini inazima yenyewe, umeachia klachi vibaya, mafuta yameisha, gia kubwa imeilemea injini kwenye kilima, vyovyote vile. Sasa angalia, katika hizo zote ni funguo peke yake inayokata umeme wa pikipiki nzima. Zile nyingine zinazima injini tu, nyekundu na stendi kwa kuua moto wa plagi, na kwa pikipiki za injekta zinakata na pampu ya mafuta, lakini taa ya nyuma, taa za dashibodi, geji ya mafuta, taa ya nyutro, na chochote ulichoongezea mwenyewe vinabaki na umeme wake kama kawaida.

Na cha ajabu ni kwamba hili linatokea sana mchana kuliko usiku. Usiku ukishuka unaona mwanga, unarudi unazima. Chukua bodaboda amefikisha mzigo Kariakoo saa saba mchana, jua la utosi, kazima kwa swichi nyekundu manake mkono ulikuwa palepale, kapanda ghorofa ya tatu kumpelekea mteja mzigo na kusubiri hela. Ile taa ya kijani ya nyutro kwenye jua kali haionekani kabisa labda uizibe na kiganja, taa nyekundu iko nyuma ambako yeye haangalii, sauti hakuna. Mteja anamchelewesha, anarudi baada ya masaa mawili anabonyeza stata anasikia tka-tka-tka-tka na taa za dashibodi zinafifia kila anapobonyeza. Huo mlio ni rilei ya stata, yani swichi inayovutwa na umeme, inakamata na kuachia, betri ina nguvu ya kuivuta rilei lakini ikifika kusukuma mota yenyewe volti zinaporomoka, rilei inaachia, volti zinapanda kidogo, inakamata tena, na kuendelea hivyo hivyo.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wanabishana bila sababu, mmoja anasema yake aliiacha ON kutwa nzima na ikawaka, mwingine anasema saa moja tu ilimtosha. Wote wako sahihi.

Pikipiki ndogo tunazotumia huku, hizi Boxer, TVS, Haojue na za kichina za 125 na 150, zinabeba betri ya volti 12 yenye uwezo mdogo, angalia ubavuni imeandikwa kama 12V 5Ah au namba inayokaribia hapo, zingine ni 2.5 tu, zingine 7 au 9. Tuchukue hiyo ya ampia-saa 5. Maana yake kwa makaratasi ni kwamba ukivuta ampia 1 inakwenda masaa 5, ukivuta nusu ampia inakwenda masaa 10. Kupata ampia unachukua wati za balbu unagawanya kwa 12.

Swichi iko ON, taa zote umezima kwa batani. Kinachokula ni balbu ya nyutro, geji ya mafuta na vitu vidogo vidogo, tuseme wati 5 jumla, hiyo ni kama ampia 0.4, kwahiyo masaa 12 hivi. Huyo ndo yule aliyeiacha kutwa na akasalimika kwa kubahatisha. Sasa weka taa ndogo zikiwa zimewaka, nyuma wati 5, mbele wati 5, balbu za dashibodi kama 5, na nyutro 3, jumla 18, ampia 1.5, hapo ni masaa matatu na kitu. Na kama pikipiki yako ni ya aina ambayo taa kubwa inawaka kwa betri, ongeza wati 35, unafika ampia 4 na zaidi, saa moja na dakika chache kwa makaratasi. Kwa ukweli inakuwa chini ya hapo, kwa sababu uwezo wa betri za pikipiki unapimwa kwa kuitoa polepole ndani ya masaa 10, ukiivuta kwa haraka inatoa kidogo kuliko kilichoandikwa.

Halafu usisubiri ifike sifuri. Stata inahitaji makumi ya ampia kwa mkupuo, na betri ndogo iliyochoka kidogo ikifika nusu tu ya chaji inaweza kugoma. Kwahiyo hayo masaa yote niliyotaja yakate nusu ndo upate muda ulionao kweli kabla stata haijakusaliti.

Kuna mwizi mmoja wa umeme ambaye hatajwi sana na inabidi nimtaje hapa, swichi ya taa ya breki ya mguu. Ile ni kiswichi kidogo kinavutwa na springi kutoka kwenye pedali. Springi ikichoka au fundi akiikaza vibaya wakati anaseti breki, taa ya breki inabaki imewaka muda wote swichi ikiwa ON, na ile sehemu ya breki kwenye balbu ni wati 21, karibu ampia 2 peke yake. Weka pikipiki kwenye stendi, swichi ON, nenda nyuma ukaangalie, kanyaga pedali uachie. Kama hakuna tofauti ya mwanga, umempata.

Nirudi kwenye mkanganyiko wa taa kubwa maana unawachanganya hata mafundi wengine. Ndani ya injini, upande wa sumaku, kuna koili zinazozalisha umeme, ambao ukitoka pale unakuwa wa AC, yani unaogeuka mwelekeo kila mara. Pikipiki za mtindo wa zamani taa kubwa inalishwa moja kwa moja na huo umeme wa koili bila kupita kwenye betri, ndo maana inawaka injini ikiwaka tu na inapanda na kushuka mwanga ukikaza na kulegeza mafuta. Hiyo haiwezi kukuulia betri ukisahau swichi. Za mtindo mpya umeme wote unapitishwa kwanza kwenye rektifaya na regyuleta, vinavyougeuza na kutuliza volti, ukawa DC, yani wa mwelekeo mmoja, ukaingia betri, na taa kubwa inakula kwenye betri, mwanga unatulia hata injini ikiwa sailensa, yani inaunguruma taratibu bila kukaza mafuta, lakini ukisahau swichi umekwisha. Kujua yako iko wapi ni rahisi, swichi ON, injini imezima, washa taa kubwa. Ikiwaka, wewe una ile hesabu ya chini ya saa moja. Na siku hizi zipo nyingi ambazo hazina kabisa batani ya kuzima taa, India walifanya iwe lazima kuanzia Aprili 2017 kwamba pikipiki mpya taa ya mbele iwake yenyewe injini ikiunguruma, kwahiyo usije ukatafuta batani ambayo haipo ukadhani imeibiwa.

Mfumo wa moto wa plagi nao una hadithi hiyo hiyo. Kuna CDI, yani kile kiboksi kinachotengeneza cheche ya plagi, ya AC ambayo inachukua umeme kwenye koili yake yenyewe, betri ikifa kabisa unapiga kiki inawaka unaondoka. Na kuna CDI ya DC inayotegemea betri, hii betri ikiisha kabisa hata upige kiki mpaka jasho likutoke haitoi cheche, mpaka betri iwe na uhai kidogo wa kuiamsha. Za injekta ndo zaidi, pale kuna pampu ya mafuta na kompyuta yake vyote vinataka umeme kwanza. Muulize fundi anayeijua modeli yako ni ipi. Usijaribu kujua kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, nimeona watu wanafanya hivyo, regyuleta bila betri inaweza kurusha volti juu ikaunguza balbu na hiyo CDI yenyewe.

Sasa tuje kwenye swichi ya funguo. Wengi wanaamini kwamba funguo ikiwa mfukoni basi pikipiki imezima. Kwa pikipiki mpya ya kawaida ni kweli. Lakini kuna mambo mawili yanayovunja hiyo imani.

La kwanza ni ile alama ya P iliyoko kwenye swichi za pikipiki nyingi za kijapani na zingine kubwa, iko mbele ya LOCK. Kazi yake ni kuacha taa ndogo ya nyuma ikiwaka ukiwa umepaki gizani kando ya barabara, na imetengenezwa makusudi ili funguo itoke. Mtu anataka kufunga usukani, anazungusha kwa nguvu, anapitiliza LOCK anaingia P, anachomoa funguo, anakwenda kulala akiwa na amani, asubuhi betri haipo. Dawa yake ni kugeuza shingo tu, ukishachomoa funguo angalia nyuma kama kuna wekundu.

La pili ni ulikaji. Pikipiki iliyofanya biashara miaka mingi funguo inalika meno na silinda ya ndani inalika, unafika wakati funguo inachomoka hata swichi ikiwa ON. Jaribu sasa hivi kwenye yako: weka ON, vuta funguo taratibu huku unaitikisatikisa. Ikitoka, hiyo swichi badilisha, sio tu kwa ajili ya betri, swichi ya namna hiyo inafunguka hata kwa bisibisi na kwa wizi wa pikipiki ulivyo unamkaribisha mtu. Na kama umenunua pikipiki mtumba ukakuta swichi "imeungwa direct", yani nyaya zimefungwa pamoja chini ya taa na kuna kiswichi cha ukutani kimebandikwa, tafadhali usiendelee nayo hivyo hivyo. Kiswichi kile hakina kitu cha kuondoka nacho mkononi, kwahiyo hakuna kinachokukumbusha.

Kuhusu ile swichi nyekundu kuna mabishano ya kweli na pande zote zina hoja. Shirika la mafunzo ya usalama wa pikipiki la Marekani, Motorcycle Safety Foundation, linafundisha wanafunzi kuzima kwa swichi ya injini halafu ndo funguo, ili kidole gumba kizoee kuipata bila kuangalia, maana siku mafuta yamekwama wazi au umeanguka na gurudumu linazunguka hutakuwa na muda wa kutafuta funguo. Hoja nzuri na siipingi. Lakini ona wanasema halafu funguo, na sisi huku tumechukua nusu ya kwanza ya somo tukaacha ya pili. Mimi kwa pikipiki ya biashara, inayosimama mara nyingi kwa siku, nasema zima kwa funguo moja kwa moja na ile nyekundu iache kwa dharura, ila uwe unaijaribu mara moja moja asubuhi kuhakikisha inafanya kazi.

Kuna sababu nyingine ya kusema hivyo. Ukizoea kuzima kwa nyekundu, siku utasahau kuirudisha. Unakuja unaweka funguo ON, unapiga stata inazunguka vizuri tu lakini injini haishiki, unapiga tena, unavuta choki, unapiga tena kwa muda mrefu, kwenye pikipiki nyingi ndogo stata inazunguka hata nyekundu ikiwa imezima na hakuna kitakachokuambia. Mpaka ugundue umeshaimaliza betri kwa njia ya pili. Kwahiyo injini ikigoma kushika, kabla ya kupiga stata mara ya tatu angalia kwanza nyekundu, kisha koki ya mafuta, ndo uendelee.

Sasa kuzuia. Mazoea ndo msingi lakini mazoea ya "nitakumbuka" hayafai, mtu amechoka, ana njaa, ana mteja anampigia simu, hawezi kukumbuka kila mara. Tengeneza hali ambayo huwezi kuendelea na kitu kinachofuata bila funguo ya pikipiki kuwa mkononi. Aliyepanga nyumba ya uani aifunge pamoja na funguo ya geti au ya mlango wa chumba. Mwenye duka aifunge na ya kufuli la duka. Bodaboda anayesimama kijiweni, kamba fupi ya kuvaa kiganjani inafanya kazi nzuri, ukishuka bila kuichomoa mkono wenyewe unavutwa. Ila usiifunge na fungu zito la funguo kumi na kifungulio cha soda, ule uzito unaning'inia na kutikisika kwenye swichi kila shimo la barabara na ndo unaokula silinda tuliyoisema hapo juu. Funguo mbili nyepesi zinatosha.

Na wanaoigusa pikipiki yako sio wewe peke yako. Kijana wa kuosha anawasha swichi kuangalia kama maji hayajaingia kwenye indiketa, mtoto nyumbani anapanda anabonyeza honi, jamaa kijiweni anaomba asikilize mpira kwenye redio yako. Funguo ikikaa na wewe hayo yote yanakufa.

Kwa anayetaka pikipiki yenyewe imkumbushe, kuna baza. Hiki ni kidude kidogo cha volti 12 kinachopiga mlio mkali, kinakula miliampia chache sana. Kama pikipiki yako ina sensa ya stendi ya pembeni ya aina inayounganika stendi ikiwa chini kazi ni nyepesi, fundi anachukua umeme unaotoka baada ya swichi ya funguo, anaupitisha kwenye baza halafu kwenye sensa, ikawa kila stendi ikiwa chini na funguo iko ON baza inalia. Unashuka, inalia, unazima, kimya. Kama haina sensa ya namna hiyo anaweza kufunga kiswichi kidogo cha kubonyea kwenye stendi.

Kwa wale wanaotumia stendi ya kati, njia nzuri zaidi ni ya rilei ya miguu mitano. Umeme wa baza unapita kwenye ule mguu wa rilei unaokuwa umeunganika wakati rilei imelala, mafundi wanaujua kwa namba 87a, na koili ya rilei inalishwa na umeme ambao upo pale tu injini inapounguruma, kwa mfano ile waya ya koili ya taa, kwa pikipiki zenye taa za AC, ukiipitisha kwanza kwenye dayodi na kapasita ndogo ili rilei isitetemeke. Injini ikiunguruma rilei inavuta, baza kimya. Injini ikizima kwa njia yoyote ile, nyekundu au mafuta kuisha, rilei inaachia na baza inalia mpaka funguo irudi OFF. Weka na fyuzi ya ampia 1 au 2 mwanzoni mwa waya. Pikipiki zenye swichi ya presha ya oili zinarahisisha zaidi, maana ile swichi inaunganika na bodi injini ikizima, baza unaiweka kati ya umeme wa funguo na waya wa hiyo swichi, basi. Kila ukiweka ON kabla ya kupiga stata italia sekunde chache, hiyo ni kawaida.

Balbu nazo zinasaidia. Taa ya nyuma, ya mbele ndogo na za dashibodi ukizibadilisha ziwe za LED, ile ampia 1.5 inashuka ikawa chini ya nusu ampia, na muda wa kusahau unarefuka kutoka masaa matatu na kitu hadi karibu kutwa. Haiondoi tatizo lakini inakupa nafasi. Angalia tu usiweke LED ya kawaida ya DC kwenye waya ya taa ya AC, inapepesa na kuungua mapema, na ukibadilisha za indiketa utahitaji na flasha yake la sivyo zitawaka haraka haraka.

Sasa vitu vya kuongezea, redio, chaja ya simu, taa za urembo, spotilaiti. Swali la kumuuliza fundi ni moja, umeme umeuchukua wapi? Akichukua moja kwa moja kwenye betri, vitu hivyo vinakula hata funguo ikiwa mfukoni na hakuna mazoea yoyote yatakayokuokoa. Mwambie achukue kupitia rilei inayoamshwa na swichi ya funguo. Chaja ya simu inayotoa ampia 2 za volti 5 ni wati 10, inakaribia ampia 1 kwenye betri, ukijumlisha na redio kijiweni injini imezima unakuwa umefika kwenye hesabu ya masaa machache.

Kitu kimoja ambacho hakiwezi kupita kwenye funguo ni treka, zile GPS zinazofungwa kwenye pikipiki za mkataba na za mikopo ili mwenye mali ajue iko wapi. Hiyo lazima iwe na umeme muda wote ndo kazi yake. Ikiwa inakula miliampia 20, kwa siku ni karibu ampia-saa 0.5, kwahiyo pikipiki ikisimama siku tano hivi betri ya 5 imefika nusu bila mtu kugusa chochote. Dereva akiumwa wiki nzima, akirudi akakuta imelala, asibebeshwe lawama kwamba aliacha swichi, na mwenye chombo aelewe hilo kabla ya kudai hesabu ya siku iliyopotea.

Kujua kama kuna kitu kinakula kwa siri, zima swichi, fungua waya hasi wa betri, weka mita kwenye ampia, mkono mmoja wa mita kwenye waya na mwingine kwenye nguzo hasi. Pikipiki isiyo na treka wala alamu inatakiwa isome karibu na sifuri, miliampia moja mbili hivi. Ukiona makumi, anza kuchomoa kimoja kimoja mpaka ishuke. Usibonyeze stata mita ikiwa hapo, itaungua fyuzi ya mita kama sio mita yenyewe. Na siku zote anza kufungua hasi, na wakati wa kufunga hasi iwe ya mwisho, kwa sababu spana ikiwa kwenye chanya ikagusa bodi huku hasi imefungwa unapata cheche kubwa.

Ikishalala, ufanyeje? Kwanza zima kila kitu. Kama ina kiki na CDI yake haitegemei betri, piga kiki. Kama ni ya gia na klachi, sukuma: swichi ON, nyekundu kwenye RUN, gia ya pili, kamata klachi, ipate mwendo, achia klachi kwa haraka halafu ikamate tena ikishika. Skuta za mkanda hazisukumiki namna hiyo. Ukichukua umeme kwa pikipiki ya mwenzako, chanya kwa chanya, hasi ya mwenzako iende kwenye chuma cha bodi ya yako. Ukichukua kwa gari, injini ya gari iwe imezimwa, betri ya gari peke yake inatosha na kubaki.

Halafu ichaji siku hiyo hiyo, na hapa sababu ni ya kikemia. Betri hizi za risasi na asidi, ambazo msingi wake haujabadilika sana tangu Gaston Planté wa Ufaransa alipoitengeneza ya kwanza mwaka 1859, zinapotoa umeme bamba zake zinafunikwa na salfeti ya risasi. Ikiwa bado changa inalainika na kurudi ukichaji. Ukiiacha siku na wiki inakomaa inakuwa fuwele ngumu ambazo chaji haizivunji, na sehemu hiyo ya bamba umeshaipoteza. Betri ya 5 inakuwa kama ya 3 bila kubadilika kwa nje. Ndo maana betri iliyolala mara moja ikachajiwa jioni inaweza kudumu, na iliyolala ikaachwa uani mpaka mwisho wa mwezi inarudi ikiwa kilema.

Kuizungusha mtaani nusu saa hakutoshi kuijaza, na ikiwa sailensa ndo karibu haichaji kabisa. Tumia chaja ndogo, kanuni ni sehemu moja ya kumi ya uwezo, kwa betri ya 5 ni ampia 0.5 kwa masaa kama 10 hadi 12. Wale wachaji betri wa mtaani wanaozipanga na za malori, mwambie kabisa hii ni ya pikipiki, ampia nyingi zinaichemsha na kupinda bamba. Betri yenye vifuniko, vifungue wakati wa kuchaji, ichaji mahali pa hewa mbali na sigara na jiko kwa sababu inatoa hidrojeni, na kiwango kikipungua ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi, asidi ndani haipungui kwa kukauka, kinachopungua ni maji. Betri kavu usijaribu kuifungua.

Ikishajaa iache usiku mzima bila kufungwa popote, asubuhi pima. Ikisoma 12.6 hadi 12.8 iko vizuri, 12.4 inavumilika, ikiwa imejishukia yenyewe mpaka 12.2 kuna seli dhaifu kati ya zile sita. Ifunge, washa, kaza mafuta kidogo upime tena, inatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5, isipopanda tatizo liko kwenye koili au regyuleta na betri mpya haitakusaidia. Mwisho pima huku mwenzako anapiga stata. Kama chaji ilikuwa imejaa na bado inaporomoka chini ya 9.5, hiyo imeshapoteza uwezo, nunua nyingine, na siku fundi anaifunga mwambie afunge na baza palepale maana siti na kava la pembeni vimeshafunguliwa.